Mugonjwa wa kansere aulize, munganga ajibu

Mu familia zetu, kansere bado ni neno la kusema chini-chini. Munganga anaita kaka mukubwa pembeni, anamuambia, na mugonjwa anabaki ku kitanda bila kujua kitu. Tunasema ni kumuhurumia. Lakini mwili ni wake, na mara mingi feza ya dawa ni jasho lake.

Tuangalie namna mambo inaendaka. Baba ametumika miaka 20 mu mugodi. Kikohozi kinakuja, anakonda. Familia inauza pikipiki, kisha lupango. Wengine wanavuka Kasumbalesa kutafuta matunzo Zambia. Nyuma ya miezi, njo wanasikia kama dawa ile haikukuwa ya kuponyesha. Ilikuwa ya kupunguza maumivu na kuongeza siku. Hakuna mutu aliyewadanganya. Hakuna aliyeuliza.

Dawa ya kupunguza maumivu iko na faida yake. Lakini mwenye kujua anaweza kuchagua: kusafiri ao kubaki karibu na watoto, kuuza lupango ao kuachia muke mahali pa kulala.

Kule Sydney, Australia, tangu miaka ya 1990, mutafiti Phyllis Butow na wenzake walipatia wagonjwa wa kansere karatasi ya maulizo mbele ya kuingia kwa munganga. Wenye karatasi waliuliza zaidi juu ya mambo yatakayokuja. Utafiti mwingine wa kule, wa 2007, uliangalia wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umefika mbali. Nao waliuliza mara mbili zaidi, na wasiwasi wao haukuongezeka.

Hata daftari la mutoto wa shule linatosha. Andikeni nyumbani, kwa Kiswahili:

– Ugonjwa wangu unaitwa namna gani, na umefika wapi mu mwili?
– Mulipima kipande cha nyama ku laboratwari, ao munafikiri tu?
– Dawa hii ni ya kuponyesha ao ya kupunguza maumivu?
– Nikikubali, nitaishi namna gani? Na nikikataa?
– Inalomba feza ngapi, yote pamoja, mpaka mwisho?
– Maumivu ikizidi usiku, nitakunywa nini? Morfini inapatikana?
– Nitaweza kurudia kazi?

Wachimbaji waseme tena kazi yao, na miaka waliyoifanya. Vumbi la mawe, lile la silika, liliandikwa na shirika la utafiti wa kansere la OMS, mu 1997, kati ya vitu vinavyoleta kansere. Munganga asipouliza, semeni wenyewe.

Kuna mugonjwa asiyetaka kujua yote. Ni haki yake. Lakini aulizwe yeye, si kaka wala shemeji kumuamulia.

Na banganga wetu, wa serkali na wa hospitali za kampuni: mutu akifika na karatasi, hakukuja kuwajaribu. Mumupe dakika kumi, kwa luga anayosikia. Kifaransa cha haraka-haraka si jibu.

Mutu wenu akiwa na randevu juma hii, musimuache aende peke yake. Mumoja amusindikize, abebe daftari, aandike majibu.