Mkalimani Hafunzwi kwa Kamusi Pekee

Wako wadhanio kwamba mkalimani wa lugha ya alama hupatikana kwa kumkalisha kijana darasani, akakariri alama moja kwa kila neno la Kiswahili, kisha akapewa cheti. Dhana hiyo ni batili. Lugha ya alama si Kiswahili kilichohama kinywani kikakaa vidoleni. Ina sarufi yake, na ndani yake uso na macho hufanya kazi ambayo sauti hufanya katika usemi. Kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania, iliyotoka mwaka 2004, ni hazina. Lakini kamusi haijapata kumfundisha mtu kuzungumza.

Udhaifu huo hudhihirika Mbulu na Hanang. Huko mama wa mtoto kiziwi huenda asema Kiiraqw au Kidatooga tu, na mtoto asiyefika shule hujua alama za kwao nyumbani. Mbele ya daktari, mkalimani aliyekariri maneno atapunga mikono bure.

Basi viziwi wenyewe wawe walimu wa kwanza. Mwanafunzi aishi nao, ajifunze na lugha ya wilaya atakayoitumikia. Penye alama za nyumbani, kiziwi mzoefu awe mkalimani pamoja naye.

Hujibiwa kwamba njia hiyo ni ghali. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishukia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Siku kama hiyo, onyo lipigwalo kwa sauti lina thamani gani kwa kiziwi?