Skrubu za kabati la jikoni

Saa nane usiku tuliamshwa na kishindo, tukadhani tumevamiwa. Kumbe ni kabati la vyombo limeng'oka ukutani na kuanguka pale pale ambapo mwanangu wa mwisho huketi kunywa chai asubuhi. Sahani hazikubaki. Nikaokota skrubu sakafuni: nyeusi, nyembamba, zile za jipsam. Mbili zimekatika vichwa, nyingine zimechomoka pamoja na fisha zake.

Skrubu za jipsam ni ngumu lakini hazipindi, zikielemewa hukatika. Kazi yake ni kushika bodi za dari. Kwa kabati, dai skrubu nene ya milimita 5 na washa yake.

Urefu nao una hesabu. Ubao wa nyuma wa kabati langu ni milimita 18, plasta kama 15, fisha namba 8 ina urefu wa 40. Jumla 73. Kwa hiyo skrubu ya 80, ili ncha ipite kidogo mwisho wa fisha. Fundi wetu alitumia ya 50! Ukitoa ubao na plasta, zilibaki milimita 17 tu za kushika tofali. Na asifunge kwenye ile plaiwudi nyembamba ya mgongoni peke yake. Hiyo ni ya kuziba tu.

Kabla ya kutoboa, tazama swichi na soketi. Nyaya kwa kawaida hushuka au hupanda wima kutoka hapo, basi usitoboe kwenye mstari huo. Fisha namba 8 hutaka biti ya 8 ya zege. Zungushia biti utepe kwenye milimita 65, ndio mwisho wa tundu. Penye vigae, anza bila mgongo wa nyundo mpaka kigae kipite. Toa vumbi lote, kisha sukuma fisha ipite plasta, ikae ndani ya tofali.

Mchanga ukimwagika kama wa saa ya mchanga, tofali hilo ni bovu, hamisha tundu. Mafundi wengine hujaza njiti za kiberiti. Mkatalie, hata kama ni shemeji yako.

Kabati limerudi juu. Tulitoa rafu, tukaweka ndani madumu mawili ya maji ya lita 20, na jiko tukalifunga kwa siku mbili mtoto asiingie. Sahani zilipanda siku ya tatu.