Ulinzi Katika Mirija ya Pumzi

Wapo waungwana, tena wenye elimu zao, waonao kuwa ni israfu kumlipa mtaalamu mshahara ili akae akimchungua nzi wa matunda, hali ya kuwa hospitali zetu zina haja zisizokwisha. Nami, pamoja na kuwaheshimu, siafikiani nao hata kidogo.

Chukueni mfano wa pumzi tu: mdudu hana mapafu, bali ubavuni mwake mna vitundu, na humo hewa hupita katika mirija itawanyikayo, ikizidi kuwa myembamba, hata ikafikia kila kiungo. Njia iliyo wazi kwa hewa i wazi pia kwa vijidudu vya maradhi, na kwa hiyo imewekewa hifadhi: aghalabu vitundu huwa na vinyweleo vya kuchuja vumbi na vilango vya kufungika, mirija imetandikwa ndani gamba lile lile liuvikalo mwili, ambalo mdudu ajivuapo hulivua pia, na chini ya gamba hilo zipo seli ambazo, zikitambua dalili ya bakteria, hutoa protini ndogo ziuazo viini. Mwaka 1998 wataalamu wa Strasbourg, Ufaransa, walimbadili nzi hata ikawa kila mahali mwilini mwake inapotengenezwa mojawapo ya protini hizo, drosomisini, paonekane nuru ya kijani. Na maradhi yalipoingia, mirija ya pumzi nayo iling'aa. Mrija, basi, haungoji msaada wa mwili mzima, hujipigania wenyewe. Jules Hoffmann, aliyekuwa miongoni mwao, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011 kwa utafiti wa kinga ya nzi, ambao ulisaidia kuifahamu kinga ya binadamu.

Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2009, nzige wekundu walipozidi huko Katavi, uwanda wa Rukwa na bonde la Malagarasi, Tanzania, walinyunyiziwa kuvu wa Metarhizium, apenyaye gamba la nzige na kumwua pasi na kuieneza sumu ya kemikali majini na porini. Lakini haui mara moja. Huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo mwili wa nzige hupigana naye. Ni nani atakayetueleza jinsi vita hivyo vinavyokwenda, ikiwa hatuna watu wetu waijuao kinga ya mdudu? Marehemu Thomas Odhiambo wa Kenya alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, mjini Nairobi mwaka 1970 kwa ajili ya elimu kama hii, na serikali zetu hazina udhuru wa kuwaachia wafadhili wa nje gharama zake. Naomba wabunge waitengee elimu hii fungu lake, mwaka baada ya mwaka, hata pasipokuwa na nzige angani.