Risala ya Familia za Askari wa Keya, Meru na Embu: Aliyetunza Rejista Ndiye Aifungue

Kwa: Serikali ya Uingereza, kupitia kwa Balozi wake jijini Nairobi, Wizara ya Ulinzi ya Kenya, Baraza la Kitaifa la Mashujaa, na magavana wa kaunti za Meru, Tharaka-Nithi, Embu na Kirinyaga.

Kuhusu: Kusahihishwa kwa rekodi za jeshi na kutolewa kwa nishani za vita vya 1939–1945.

Waheshimiwa,

Sisi ni wajane, watoto na wajukuu wa askari waliotoka wilaya za zamani za Meru na Embu wakaenda kupigana katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Tunasema pia kwa niaba ya wazee wachache mno waliosalia, ambao aliye mdogo kabisa kati yao anagonga miaka mia.

Hatukuja kuomba sadaka. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ilikuwa na daftari. Kila askari alipewa nambari, akaandikiwa kombania na batalioni, na safari zake zikaandikwa na maofisa wake. Daftari hilo halikukaa nyumbani kwa askari hata siku moja. Ndiyo maana tunasema, na risala yote hii ni kwa ajili ya neno hili moja: mzigo wa kuthibitisha utumishi wa wazazi wetu ubebwe na aliyetunza rejista, usibebwe na mjane wa Igembe wala mzee wa Mbeere anayeambiwa leo alete cheti.

KAZI ILIYOFANYWA

Mapema mwaka 1941 askari wa Keya walivuka mpaka wa Kenya kuingia Somalia iliyotawaliwa na Waitaliano. Kismayu ilichukuliwa Februari, na Mogadishu tarehe 25 mwezi huohuo. Addis Ababa ilitekwa tarehe 6 Aprili. Gondar, ngome ya mwisho ya Waitaliano Ethiopia, ilishindwa Novemba. Mwaka uliofuata wengine walipelekwa Madagaska.

Kisha ikaja Burma, ambayo wazee waliitaja kwa jina la Bama. Wengine hawakufika hata uwanja wa vita. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imetoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwemo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki.

Walioendelea walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, yenye alama ya kifaru begani. Kuanzia Agosti 1944 waliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, katika tope na malaria, huku Wajapani wakirudi nyuma hatua kwa hatua na kuwavizia. Mwanzoni mwa Desemba waliingia Kalewa. Katika mwezi huohuo daraja la chuma la zaidi ya futi 1,100 lilitandazwa juu ya mto Chindwin, na jeshi la Uingereza chini ya Jenerali Slim likapata njia ya kuingia katikati ya Burma.

Kwa kazi hiyo, kanuni za Uingereza yenyewe ziliweka nishani: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Afrika, Nyota ya Burma, na Nishani ya Vita. Tunaomba jambo hili lieleweke vizuri. Nyota hizo hazihitaji shahidi wa ushujaa. Zinahitaji kujua askari alikuwa na kikosi gani, na kikosi hicho kilikuwa wapi, lini. Aliyepigana Somalia au Ethiopia kati ya tarehe 10 Juni 1940 na 27 Novemba 1941 alistahili Nyota ya Afrika. Aliyepigana Burma alistahili Nyota ya Burma. Basi.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, waliachishwa jeshi kabla nishani hazijagawiwa. Wengi walirudi nyumbani 1945 na 1946. Ugawaji wa nishani hizo ulianza kwa wingi mwaka 1948. Hata huko Uingereza, aliyekuwa askari wa nchi kavu alitakiwa aandike maombi ndipo atumiwe. Mwingereza aliyasoma hayo gazetini na kwenda posta. Askari wa Tharaka, ambaye posta ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa miguu na fomu imeandikwa kwa Kiingereza, nani alimwambia? Kutoomba kwake hakukuwa kukataa.

Pili, nyaraka zilipotea kwa sababu ya Hali ya Hatari. Shida hii inawahusu watu wa Mlima Kenya kuliko askari wengine wote wa Keya, nayo hutajwa mara chache. Baada ya tangazo la tarehe 20 Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa katika kapu moja la kushukiwa. Tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu yao walizolewa mitaani Nairobi na kupelekwa vizuizini. Mwaka huohuo serikali ilianza kuwahamisha watu kwa nguvu, zaidi ya milioni moja kwa jumla katika nchi ya Wakikuyu, Embu na sehemu za Meru, ikawaweka katika vijiji vilivyozungukwa na handaki, ambavyo wazee bado huviita ichagi. Nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto. Vyeti vya jeshi vilikuwa ndani ya nyumba hizo.

Wengine walivitupa wenyewe. Nishani ya Mwingereza ilikuwa hatari ikionekana na wapiganaji wa Mau Mau wa msituni. Na kwa serikali, mtu aliyefunzwa bunduki Bama alikuwa wa kuchungwa zaidi, kwa kuwa Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo wa Keya aliyepigana huko. Askari wetu alibanwa pande zote mbili, akazika cheti ardhini au akakitia motoni. Mjane mmoja wa upande wa Embu alipeleka nambari ya jeshi ya marehemu mumewe katika ofisi moja, akaambiwa bila cheti halisi hakuna la kufanya. Cheti kiliungua pamoja na nyumba yake. Mtu hawezi kunyang'anywa stakabadhi na kisha kuadhibiwa kwa kutokuwa nayo.

Tatu, majina hayalingani. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia: jina moja, kisha jina la baba. Jina la Kimeru linaloanza kwa M' liliandikwa namna tatu au nne, na mara nyingine herufi hiyo ikadondoshwa kabisa. Baadaye askari alibatizwa akawa Yohana au Yosefu, na kitambulisho alichopata baada ya uhuru kikabeba jina hilo jipya. Umri nao ulikisiwa kwa rika lake la kutahiriwa. Leo familia inaambiwa aliye kwenye rejista na aliye kwenye kitambulisho ni watu wawili.

Nne, mipaka imebadilika. Embu ya wakati ule ilikuwa na Ndia na Gichugu, yaani Kirinyaga ya leo. Meru ilikuwa na Tharaka na Nithi. Anayetafuta kwa jina la kaunti ya sasa hapati kitu, kisha hujibu kwamba hakuna rekodi.

Tano, ushujaa wa Mwafrika haukupimwa kwa mizani moja na wa mwenzake. Sajini Nigel Leakey wa Keya, mlowezi wa Kenya, aliuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941 baada ya kupanda juu ya vifaru vya adui. Alipewa Msalaba wa Victoria Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baadaye. Alistahili, na hatumnyimi sifa yake. Lakini hakuna askari Mwafrika hata mmoja wa Keya aliyepewa msalaba huo katika vita vile vyote. Maofisa waliopendekeza nishani walikuwa Wazungu, na askari hakuwa na njia ya kujisemea.

Sita, hata bahashishi ya kuagwa ilipimwa kwa rangi. Nyaraka zilizochapishwa magazetini mwaka 2019 zilionyesha kwamba askari wa kawaida Mzungu katika makoloni ya Afrika alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hichohicho shilingi tatu na nusu.

JAMBO HILI LINAWEZEKANA

Tutajibiwa kwamba muda umepita na karatasi hazipo. Tumeyasikia maneno hayo zamani. Wazee wa Mau Mau walipoishtaki Serikali ya Uingereza kwa mateso ya vizuizini, mwaka 2011 ilibainika kwamba faili za Kenya zipatazo 1,500 zilikuwa zimefichwa na serikali hiyo huko Hanslope Park, Uingereza, miaka yote hiyo. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa wadai 5,228 fidia na gharama za kesi, jumla ya pauni milioni 19.9. Karatasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuzitafuta.

Aprili 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki. Iliomba radhi na kuahidi kuyatafuta majina hayo yenyewe. Katikati ya Nairobi, sanamu ya askari watatu iliyosimamishwa baada ya vita hivyo inaahidi kwa Kiswahili kwamba anayeifia nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Sanamu hiyo haina jina la askari hata mmoja.

Marekani nayo ilijiuliza kwa nini hakuna mwanajeshi mweusi aliyepewa Nishani ya Heshima katika vita vya pili. Jeshi lenyewe liliagiza uchunguzi wa kumbukumbu zake. Tarehe 13 Januari 1997, Rais Bill Clinton alitoa nishani saba. Aliyeishi kuipokea kwa mkono wake alikuwa mmoja tu, Vernon Baker.

Na hapa kwetu, Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya kati ya tarehe 31 Oktoba na 3 Novemba 2023, aliwakabidhi wazee wa vita vya pili nishani mpya badala ya zile walizopoteza. Tulifurahi pamoja nao. Ila lililowezekana kwa wazee wachache mbele ya kamera liwezekane pia Maua, Chuka, Runyenjes na Siakago bila kamera.

MADAI YETU

1. Serikali ya Uingereza na Wizara ya Ulinzi ya Kenya ziandae kwa pamoja orodha moja ya askari wote wa Keya walioandikishwa katika wilaya za Meru na Embu kati ya 1939 na 1945, kwa majina ya wilaya za wakati huo. Nakala iwekwe katika ofisi za kaunti na za machifu, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma.

2. Askari atambuliwe kwanza kwa nambari yake ya jeshi na kikosi chake. Tofauti ya tahajia au jina la ubatizo isiwe sababu ya kumkataa.

3. Kikosi kikijulikana, nishani ya kampeni itolewe kwa kufuata shajara za vita za kikosi hicho, ambazo zimehifadhiwa Kew, London. Atakayedai askari fulani hakuwa na kikosi chake siku hizo, yeye ndiye alete ushahidi.

4. Pale rejista ilipopotea, kipokewe kiapo cha familia kilichothibitishwa na chifu pamoja na wazee wa Njuri Ncheke au wa kiama, na picha, barua au ushuhuda wa marika.

5. Nishani ambazo hazikutolewa wapewe wajane na watoto, bila malipo na bila kumlazimisha mtu kusafiri hadi Nairobi.

6. Iundwe jopo la wanahistoria na wanajeshi wastaafu, Wakenya wakiwemo, lipitie mapendekezo ya nishani za ushujaa yaliyoandikwa kuhusu askari Waafrika wa Keya na kueleza wazi yaliyokataliwa au kushushwa daraja. Tunajua kanuni ya Uingereza ya kutozingatia tendo lililopita miaka mitano. Tunadai isitumiwe hapa, kwa kuwa aliyechelewa ni ofisi, si askari.

7. Waliosalia hai walipwe tofauti ya bahashishi yao kwa thamani ya leo. Pauni milioni 12 zilizotangazwa mwaka 2018 kwa maveterani wa Jumuiya ya Madola wenye shida zilikuwa msaada wa chakula, na tunashukuru. Msaada haufuti deni.

8. Baraza la Kitaifa la Mashujaa, chini ya Sheria ya Mashujaa ya Kenya ya 2014, litamke kama linawatambua askari hawa. Walipigana chini ya bendera ya mkoloni kwa sababu bendera yao haikuwepo. Hilo lisiwafanye yatima wa nchi mbili.

MUDA

Tunaomba jibu la maandishi katika muda wa siku 90, likitaja ofisi moja na afisa mmoja anayehusika, ili tusizungushwe kati ya Nairobi na London. Maombi ya waliosalia hai yashughulikiwe kwanza, bila kungoja orodha ikamilike. Jibu lisipokuja, tutapeleka dai hili katika Bunge la Kenya na lile la Uingereza, na mahakamani ikibidi, kama walivyofanya wazee wa Mau Mau.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Ni sisi,
Wajane, watoto na wajukuu wa askari wa Keya,
Meru, Tharaka-Nithi, Embu na Kirinyaga.