Mita moja, vyumba sita: ngazi ya stima inayompandisha maskini

Juzi nilikuwa Nairobi kwa shughuli zangu, nikafikia Ngara kwa mpwa wangu. Kijana ana kibanda cha vifaa vya simu, na amepanga chumba katika nyumba ya zamani ya mawe, zile zilizojengwa kwa familia moja kisha zikagawanywa. Ndani mna vyumba sita, vyoo viwili na mita moja ya tokeni.

Nilimkuta ngazini, yeye na majirani zake wanazozana. Kila chumba huchanga pesa mwanzo wa mwezi, na mchango ule ulikuwa ukifika tarehe 30. Mwezi huu tokeni zimekwisha tarehe 19. Mmoja anamshuku mwanafunzi wa chumba cha nyuma kuwa anapikia koili usiku. Mwanafunzi anaapa. Mwengine anasema msimamizi wa nyumba anakula pesa.

"Mjomba, wewe umesoma haya mambo," mpwa wangu akaniambia. "Hebu tuamulie, nani mwizi?"

Nikaomba simu niusome ujumbe wa tokeni. Wengi wetu hutazama zile namba ishirini za kubonyeza kwenye mita, basi. Lakini ujumbe ule una habari zaidi: idadi ya yuniti, pesa zilizokwenda kwenye stima yenyewe, na pesa zilizokwenda kwenye tozo na kodi. Ukigawanya pesa za stima kwa yuniti, unapata bei uliyouziwa. Ya nyumba ile ilikuwa imepanda. Mwizi hakuwa chumba chochote. Nyumba ilikuwa imepanda ngazi bila wenyewe kujua.

Tangu tarehe 1 Aprili 2023, EPRA, mamlaka inayosimamia kawi, imegawa wateja wa majumbani mafungu matatu. Wa kwanza ni asiyezidisha yuniti 30 kwa mwezi, huyu ndiye anayehesabiwa kuwa mnyonge. Wa pili ni wa yuniti 31 hadi 100. Wa tatu ni anayepita 100. Mpango ulipoanza, bei ya yuniti ilikuwa shilingi 12.22 kwa wa kwanza, 16.30 kwa wa pili, na 20.97 kwa wa tatu, kabla ya tozo na kodi. Bei hurekebishwa, lakini nitatumia hizo kwa hesabu. Kabla ya hapo, tangu mwisho wa 2018, fungu la mnyonge lilifika yuniti 100. Liliposhushwa hadi 30, familia nyingi za kawaida zilitolewa nje ya mlango.

Kuna mambo mawili watu hawayajui. La kwanza, fungu lako hupangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Wageni wa Desemba wanaweza kukupandishia bei wao wakiwa washarudi kwao. La pili, ukivuka mpaka, bei mpya hushika yuniti zako zote, si zile za ziada pekee. Nyumba ya yuniti 95 italipa shilingi 1,548.50. Ikifika 105, italipa 2,201.85. Yuniti kumi zimeongeza shilingi 653.

Sasa turudi Ngara. Vyumba viwili vilikuwa vitupu kwa muda mrefu, vikapata wapangaji miezi michache iliyopita. Tuseme kila chumba kinatumia yuniti 24: taa, simu, redio, pasi. Vyumba vinne ni yuniti 96, fungu la pili. Vyumba sita ni 144, fungu la tatu. Hakuna aliyewasha taa ya ziada, na kila mmoja ameongezewa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mtu wa yuniti 24 ndiye hasa mnyonge aliyekusudiwa na ile bei ya 12.22. Angekuwa na mita yake, angelipa shilingi 293 na senti. Kwa kuwa mita ni ya pamoja, analipa 503. Tofauti ni shilingi 210 kila mwezi, kabla ya tozo. Na anayeishi peke yake kwenye nyumba ya kisasa, hayupo siku nzima, akitumia yuniti 28, yeye ndiye anayepata bei ya mnyonge. Ngazi hii inahesabu mita, haihesabu watu.

Msiseme hayo ni ya Nairobi. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na mita moja zimejaa Mombasa, Malindi na Lamu. Tena sisi tuna joto. Feni ya wati 60 ikizunguka saa 12 kwa siku hula karibu yuniti 22 kwa mwezi. Feni tatu na friji ya yuniti moja kwa siku, umeshakaribia 100 kabla hujawasha taa. Kwenye baridi ya Ngara mtu hulala bila feni. Kwetu, feni ya mtoto mchanga si anasa, lakini ngazi ni ile ile.

Kuna pia gharama ambayo kiwango chake kwa yuniti hakitegemei fungu lako: tozo ya mafuta ya mitambo ya kuzalishia stima, ambayo hubadilika mwezi kwa mwezi, na tozo ya fedha za kigeni. Mitambo mingine ya mafuta iko hapa hapa kwetu, Kipevu na Rabai. Moshi tunaupata, nafuu hatuioni.

Mwenye nyumba aliye na uwezo na ampe kila mpangaji mita yake. Asiyeweza, awaeleze wapangaji wanunua kwa bei gani, wasishukiane bure. Mpangaji naye asome ujumbe wake na aweke hesabu ya miezi mitatu. Mamlaka ikiita maoni kabla ya bei nyengine, waheshimiwa wetu wa Pwani waende na madai mawili: nyumba ya wapangaji wengi ihesabiwe kwa idadi ya familia, na mpaka wa yuniti utazame joto la mahali.

Usiku ule nilipomaliza hesabu yangu kwenye gamba la sigara, mwanafunzi wa chumba cha nyuma alikuwa kashafunga mlango. Mpwa wangu akaenda kumgongea, akamwomba radhi. Asubuhi wakachanga tena.