Wifi kaandaa msiba, mimi nikatangaza harusi

Wapenzi wasomaji, mwezi huu naomba niungame. Mwaka jana nusura niiharibu filamu ya wifi yangu, na undugu wenyewe uende na maji, kisa bango moja zuri sana.

Iko hivi. Wifi, mdogo wake mume wangu, alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, anasomea filamu. Kazi yake ya kumalizia ilikuwa filamu ya dakika 18: binti kapanga chumba Sinza, na kila usiku anasikia mtu anagonga kutoka chumba cha pili, ambacho kina kufuli na hakina mpangaji. Juu ya filamu, walimu walitaka vitu vitatu vya kuitangaza: bango, trela ya dakika moja na kasha la DVD. Vyote vina maksi zake.

Sasa mimi kazini kwetu ndiye mtu wa matangazo. Mume wangu akanambia, "Mke wangu, msaidie mdogo wangu." Nikaona hii ndiyo nafasi, maana tangu harusi yetu mimi na wifi tulikuwa watu wa salamu tu. Nikakesha siku mbili. Nikatoa bango: binti na kijana wa chumba cha mbele wanatazamana, jua linazama nyuma yao, herufi za mikunjo rangi ya dhahabu. Zuri jamani! Wifi akaliangalia, akauliza taratibu, "Wifi, mbona kama la mapenzi?" Nikamjibu, "Mapenzi ndiyo yanauza. Niachie mimi."

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa wapenzi wawili wawili, wameshikana mikono. Dakika ya tano kufuli likaanza kutikisika lenyewe. Wengine wakacheka wakidhani ni utani. Dada mmoja akamvuta mwenzake, wakatoka. Mpaka taa zinawashwa, karibu nusu ya viti vilikuwa vitupu. Na wale wanaopenda kutishwa hawakuja kabisa. Waliliona bango, wakapita zao.

Getini wifi akanambia neno moja tu: "Wifi, mimi nimeandaa msiba, wewe ukanitangazia harusi." Wiki ile hakupokea simu yangu. Mume wangu katikati, hajui amfariji nani.

Nilinuna siku mbili, halafu nikakaa chini kusoma yale niliyodhani nayajua. Kila aina ya filamu ina lugha yake, na mtazamaji ameshaijua bila kufundishwa. Chukua Pretty Woman ya 1990: Richard Gere na Julia Roberts wameegemeana migongo, nyuma peupe kabisa. Hata asiyejua Kiingereza anajua hapa kuna mapenzi na vicheko. Nenda Jaws ya 1975: mwanamke anaogelea juu, papa mkubwa anapanda kutoka chini, jina jekundu. Sisi tumemwona papa, yeye hajamwona. Hofu yote iko hapo. Au kumbuka makasha ya muvi za Kibongo enzi za marehemu Kanumba, nyuso kubwa za mastaa zimejaa mpaka pembeni. Ulikuwa unajua unanunua nini.

Lakini kilichonigusa zaidi ni The Blair Witch Project ya 1999. Waongozaji wake wawili walikutana wakiwa wanafunzi wa filamu huko Florida, Marekani. Kuipiga filamu hakukufika dola laki moja. Kwenye kuitangaza walisambaza vipeperushi vya watu waliopotea, kana kwamba ni kweli. Mzimu wenyewe hawakuuonyesha. Iliingiza karibu dola milioni 250.

Nikafunga safari mpaka anakoishi wifi, na kuku mkononi. Nikamwambia, "Nisamehe. Safari hii wewe ongea, mimi nichore." Walimu walikuwa wamempa wiki moja ya kurekebisha. Tukakubaliana: giza, mwanga mmoja tu, maneno machache, na kinachotisha kisionekane. Hizo ni kanuni. Lakini wifi akakataa mafuvu na damu zinazochuruzika. Akasema hofu iwe ya nyumba za kwetu. Akaenda kupiga picha ya mlango wa bluu, kufuli limefungwa kwa nje, na pale chini kwenye kizingiti kandambili moja jozi, mbichi kwa maji. Basi.

Wewe uliyewahi kupanga chumba, hebu fikiria. Kandambili zikiwa mlangoni, maana yake mwenyewe yuko ndani. Sasa kufuli la nje kafunga nani?

Trela nayo tukaikata upya. Ile ya kwanza nilikuwa nimesimulia hadithi nzima. Ya sasa ilikuwa na ukimya mrefu, mlango uleule, kugonga mara tatu, giza. Kasha likabeba rangi zilezile na herufi zilezile, ili anayekutana na kimoja akitambue kingine.

Mara ya pili watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, nisikudanganye. Lakini hakuna aliyetoka, na ile dakika ya tano walipiga kelele mpaka mlinzi akachungulia. Wifi akanishika mkono gizani. Tangu harusi yetu hajawahi kunishika mkono.

Msomaji wangu, wangapi tunajitangaza hivi kwa wenzetu? Mtu ni mkimya, mpenda nyumbani, lakini siku za mwanzo anajichora mtu wa viwanja ili apendwe na wengi. Ukumbi unajaa, halafu dakika ya tano watu wanaanza kutoka, na anabaki analalamika kwamba hana bahati. Mwenye kukufaa wewe naye anapita, kwa sababu bango lako limemwambia hapa si pake.

Chora mlango wako ulivyo, na kandambili zako. Tukutane mwezi ujao.