Tunakwenda Kisiwani Kupumzika: Na Dada wa Kazi Je?





Likizo za shule zinapokaribia, mazungumzo ya uwanjani baada ya Misa hubadilika. Watu huulizana nauli ya ndege kwenda Unguja, hoteli ipi ina bei ya wenyeji, na kama ni heri kulala Mji Mkongwe au ufukweni. Sina ugomvi na safari hiyo. Mitume waliporudi kutoka utume wao, wakiwa wamechoka na hata nafasi ya kula hawana, Bwana wetu mwenyewe aliwaalika waende faraghani wapumzike kidogo, nao wakapanda chombo wakavuka maji (Mk 6:30-32). Mkristo anayedhani uchovu ni utakatifu hajaisoma vema Injili.

Tena sisi wa Dar es Salaam tumependelewa. Wageni huvuka mabara ili kuiona bahari ile, nasi tunaifikia kwa dakika kama ishirini angani, au kwa boti takriban saa mbili. Na wengi wenu ni hodari wa kupanga. Mnajua kwamba pwani ya mashariki, huko Paje, Bwejuu na Jambiani, maji yakipwa bahari hukimbilia mbali, na watoto hubaki wakiokota makombe penye matope. Kwamba Nungwi na Kendwa mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Kwamba masika ya Machi hadi Mei hushusha bei kwa sababu ya mvua, na kwamba kusi ikivuma kuanzia Juni hali ya hewa hupoa. Mnajua siku ya kuwapeleka watoto msitu wa Jozani wakawaone kima punju, na siku ya kwenda kisiwa cha Changuu kuwatazama kobe wakubwa.

Yote yamepangwa, isipokuwa jambo moja. Hakuna aliyeuliza: dada wa kazi atapumzika lini?

Leo ninataka kusema jambo hili bila kuzungukazunguka, hata kama litawaudhi baadhi yenu ambao ni wafadhili wakubwa wa parokia. Familia inayomchukua mfanyakazi wake wa nyumbani kwenda naye kisiwani akafanye kule kazi zilezile alizokuwa akizifanya nyumbani, kisha ikaihesabu safari hiyo kuwa ndiyo likizo yake, inamdhulumu. Na familia inayomwacha peke yake alinde nyumba, alishe kuku na kumwagilia bustani, kisha ikasema kwamba "alibaki akipumzika", inamdhulumu vilevile.

Atakayeona maneno haya ni makali, na asimame siku moja pale bandarini asubuhi ya Jumamosi ya likizo. Atawaona baba na mama, wamevaa miwani ya jua na kofia mpya. Nyuma yao atamwona binti wa miaka ishirini hivi, mtoto mgongoni, mkoba wa nepi begani, ndoo ya vyakula mkononi. Huyo ndiye atakayelala kwenye godoro chini, katika chumba cha watoto. Ndiye atakayeamka kabla ya wote, atakayefua nguo za kuogelea, na atakayekaa ukingoni mwa bwawa akiwachunga watoto wanaoogelea, ilhali yeye hajaambiwa kama anaruhusiwa kutia hata mguu. Jioni baba na mama wanakwenda Forodhani kula urojo na mishikaki. Yeye anabaki chumbani na watoto waliolala. Siku ya nne wanarudi. Wote wamepumzika ila mmoja, naye amechoka kuliko alivyoondoka, maana nyumbani walau alikuwa na jiko alilolizoea na jirani wa kuzungumza naye.

Halafu unafika Januari. Binti anaomba ruhusa aende Njombe au Singida akamwone mama yake. Naye anajibiwa: "Likizo gani tena? Si tulikupeleka Zanzibar?"

Jibu hilo, wapendwa, ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na sheria ya nchi, maana wako wanaodhani haya ni huruma ya mapadre tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumwacha mfanyakazi wa nyumbani nje ya mlango. Aliyetimiza masharti yake anastahili likizo ya mwaka yenye malipo, isiyopungua siku 28 mfululizo. Anastahili pia mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma. Saa za kawaida za kazi hazipaswi kuzidi 45 kwa juma. Ni wangapi kati yetu, tunaopigania likizo zetu ofisini kwa barua na nakala zake, tumewahi kuhesabu saa za yule anayetupikia? Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 189 juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Humo imeelezwa waziwazi kwamba mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri wake halazimiki kubaki na familia hiyo wakati wa mapumziko yake ya juma wala wa likizo yake ya mwaka. Waliouandika walijua hila hii ya kumpa mtu likizo ambayo bado yumo chini ya amri yako.

Lakini kwetu sisi sheria ya nchi ni ngazi ya kwanza tu. Amri ya Sabato imeandikwa mara mbili katika Maandiko. Katika kitabu cha Kutoka sababu ya kupumzika ni kazi ya uumbaji, kwa kuwa Mungu mwenyewe alipumzika siku ya saba. Katika Kumbukumbu la Torati (5:12-15) sababu ni nyingine. Wanatajwa mwana na binti, mtumishi wa kiume na wa kike, ng'ombe na punda, hata mgeni aliyemo malangoni. Kisha inasemwa kusudi lake, kwamba mtumishi apate kupumzika sawasawa na bwana wake. Na Waisraeli wanakumbushwa kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Angalieni neno hilo "sawasawa". Mungu hakuridhika na bwana anayepumzika huku akimruhusu mtumishi kuitazama raha yake. Nayo Katekisimu (namba 2187) inatuonya tusiwatwike wengine, pasipo lazima, mambo yatakayowazuia kuitunza siku ya Bwana. Binti anayekaanga maandazi ya watu sita asubuhi ya Dominika, ili wengine wawahi safari ya kwenda kuwaona pomboo, amezuiliwa na nani?

Sasa tuje kwenye kisiwa chenyewe, maana hapo ndipo aibu yetu inapozidi. Karibu kila familia inayofika Mji Mkongwe huenda Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa kwa mkataba aliotia saini Sultani Barghash bin Said mwezi Juni 1873. Uani kuna sanamu za watu watano waliosimamishwa shimoni, minyororo shingoni. Watu huinamisha vichwa, husikitika, kisha hupiga picha ya familia. Na anayeishika simu ili wengine watoke wote pichani, mara nyingi ni nani?

Sisemi kwamba dada wa kazi ni mtumwa. Analipwa mshahara, na anaweza kuondoka. Wala tusijidanganye kwamba dhambi ile ilikuwa ya watu wa dini nyingine tu. Pwani hii iliuza watu pia kwa mashamba ya Wafaransa waliobatizwa, kule Réunion na Mauritius. Ninataka tujifunze jambo moja la historia ile ambalo waongoza wageni hawana muda wa kulisimulia. Kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed. Na hata amri hiyo iliwaacha nje masuria. Sababu iliyotolewa? Kwamba wao ni watu wa nyumbani, wahesabiwe kwa namna ya wake. Asiyethibitisha kwamba anatendewa ukatili alibaki palepale. Wanawake hao walingoja hadi mwaka 1909.

Kumbe basi neno "huyu ni mtu wa nyumbani" laweza kuwa kufuli. Na sisi tunalo la kwetu: "Huyu si mfanyakazi, huyu ni kama binti yangu." Nimelisikia katika jumuiya ndogondogo mara nyingi, na wengi hulisema kwa moyo mwema. Lakini lipimeni. Binti yako hulala godoro la chini hotelini wakati kaka zake wako kitandani? Binti yako hula baada ya wote kushiba? Binti yako, akisema amechoka, huambiwa hana shukrani? Kama ni binti, na awe binti hata mezani. Kama ni mfanyakazi, apewe haki ya mfanyakazi. Tunachokifanya ni kumwita binti zinapofika haki, na mfanyakazi vinapofika vyombo vya kuosha.

Nazijua hoja nyingine. Ya kwanza: "Lakini naye ameiona bahari, naye amepanda boti." Ni kweli, na pengine alifurahi. Dereva wa basi naye huiona milima ya Usambara kila siku, wala hakuna aitaye kazi yake utalii. Likizo ni muda ambao mtu ni mwenye nao mwenyewe. Akitaka alale, akitaka aende kwao, akitaka asifanye lolote.

Ya pili: "Yeye mwenyewe alikubali." Alikubali mbele ya nani? Mbele ya mtu anayempa chakula, mahali pa kulala na mshahara. Ridhaa ya namna hiyo haitoshi kutuliza dhamiri iliyo hai.

Ya tatu ndiyo nzito, nami naiheshimu. Akina mama wananiambia: "Padre, mimi nami nimechoka. Nikienda na watoto watatu bila msaidizi, hiyo si likizo, ni kuhamisha jikoni." Mama, unasema kweli. Lakini uchovu wako hautibiwi kwa kumhamishia mtu mwingine asiye na pa kuuhamishia. Katika familia yako yupo mtu mzima mwingine, mwenye mikono miwili na afya njema, ambaye mara nyingi huonekana kisiwani akiwa amelala chini ya mnazi. Anaitwa baba. Akina baba, siku nne za kuwaogesha watoto wenu na kuwalisha hazitapunguza uanaume wenu. Huenda ndizo siku nne ambazo watoto watazikumbuka kuliko kobe wa Changuu.

Basi tufanyeje? Nayasema machache yanayowezekana.

Kwanza, mnapopanga tarehe zenu za likizo, pangeni na zake hapohapo. Juma mnalosafiri ninyi ndilo juma ambalo nyumba haina mpishiwa. Aanze likizo yake siku hiyo, kwa siku zake zote za haki, mshahara ukiwa mkononi na nauli ya kwenda na kurudi.

Pili, kama fedha ni tatizo, pandeni boti badala ya ndege. Tofauti ya nauli ya watu watano yaweza kumfikisha mtu mmoja kwao kwa basi. Kama hata hivyo haitoshi, punguzeni usiku mmoja wa hoteli. Safari ya raha inayowezekana tu kwa kukalia haki ya maskini haiwezekani; tuseme hivyo na tubaki nyumbani.

Tatu, kama kuna sababu ya kweli ya kwenda naye, kwa mfano mtoto mgonjwa au mzazi mzee, basi aende akijua kwamba yuko kazini. Saa zijulikane. Awe na kitanda. Apate siku yake kamili, aitumie atakavyo, na nafasi ya kusali kwa imani yake. Na siku hizo zisikatwe kamwe katika likizo yake ya mwaka.

Nne, msiache nyumba mikononi mwa msichana peke yake mkaiita hiyo ni ihsani. Kulinda ni kazi, na inatisha usiku.

Injili niliyoanza nayo haikuishia chomboni. Yesu aliposhuka aliukuta umati uliotangulia kwa miguu, akauonea huruma, maana walikuwa kama kondoo wasio na mchungaji (Mk 6:34). Alikuwa amechoka, na safari ilikuwa ya mapumziko, lakini aliwaona. Sisi hatuombwi kuulisha umati. Tunaombwa kumwona mmoja, ambaye jina lake tunalijua na ambaye ndiye aliyetufungia mizigo.

Kabla hamjalipia tiketi juma hili, mwiteni, mketi naye mezani, mmuulize: "Wewe ungependa kwenda kwenu lini?" Kisha mwandike tarehe atakayoitaja kwenye kalenda ileile iliyoandikwa safari yenu.

Nawatakieni Dominika njema na mapumziko mema, ninyi na wote wanaoishi chini ya dari zenu.